Mdogo hulipa kwa mauzo, mkubwa hulipa kwa faida

KILA inapokaribia mwisho wa Machi, foleni huongezeka katika ofisi za Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, mijini na wilayani. Ni wakati wa wafanyabiashara wadogo kukadiriwa kodi ya mwaka na kulipa awamu ya kwanza kati ya nne, yaani Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Mazungumzo mengi ya dirishani hufanana. "Mama, mauzo yako kwa mwaka ni kiasi gani?" huuliza ofisa. "Mwanangu, nitajuaje? Nauza, nanunua tena," hujibu mfanyabiashara. Ofisa huangalia aina ya biashara, mahali ilipo, pango la fremu na makadirio ya mwaka uliopita, kisha huandika kiwango anachoona kinafaa.

Katika mazungumzo hayo mafupi kuna neno moja ambalo mara nyingi halitajwi. Neno hilo ni faida.

Mambo ni tofauti kabisa kwa kampuni kubwa. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida. Kabla ya kufika kwenye faida hiyo, mhasibu wake hutoa kwanza mishahara, mafuta ya magari, pango, umeme, riba ya benki na uchakavu wa mitambo. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi. Kisipobaki kitu, kodi ya mapato nayo kwa kawaida haipo.

Tofauti hiyo kati ya kutozwa kwa mauzo na kutozwa kwa faida ndiyo chanzo cha manung'uniko mengi ya masokoni. Wengi hulalamikia ukubwa wa kiwango. Ukikaa chini na kalamu, utaona kuwa tatizo kubwa zaidi ni kile kinachopimwa.

Asilimia 3.5 ni kubwa au ndogo?

Mwaka 2019 Sheria ya Fedha ilipandisha ukomo wa mfumo wa makadirio kwa watu binafsi kutoka mauzo ya sh milioni 20 hadi sh milioni 100 kwa mwaka. Wafanyabiashara wengi waliokuwa wakilazimika kutengeneza hesabu kamili wakaingia kwenye mfumo rahisi. Kwa wengi hiyo ilikuwa nafuu.

Kwa viwango vya sheria hiyo, mwenye mauzo kati ya sh milioni 14 na sh milioni 100 alitakiwa kulipa sh 450,000, pamoja na asilimia 3.5 ya kiasi kinachozidi sh milioni 14. Sheria za fedha zilizofuata zimegusa baadhi ya ngazi za juu, lakini msingi haujabadilika. Kinachopimwa ni mauzo.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza mchele kwa jumla na rejareja katika soko kama la Tandale, Dar es Salaam. Mauzo yake kwa mwaka ni sh milioni 60. Ni fedha nyingi kuzisikia, lakini biashara ya nafaka ina faida nyembamba. Akishatoa bei ya shambani, usafiri, magunia, upakuaji, ulinzi na pango, tuseme anabakiwa na sh 4 kwa kila sh 100 anazouza. Faida yake kwa mwaka mzima ni sh milioni 2.4.

Kwa viwango vya 2019 kodi yake inakuwa sh 450,000, na juu yake sh 1,610,000 ambayo ni asilimia 3.5 ya sh milioni 46. Jumla ni sh 2,060,000. Katika faida ya sh milioni 2.4, mama huyu anabakiwa na sh 340,000 kwa mwaka, sawa na sh 28,000 na ushei kwa mwezi. Kodi iliyoitwa ya asilimia 3.5 imechukua zaidi ya sh 85 katika kila sh 100 za faida yake.

Kampuni yenye faida hiyohiyo ya sh milioni 2.4 ingetozwa asilimia 30, yaani sh 720,000.

Sasa tumchukue jirani yake mwenye mgahawa. Naye anauza sh milioni 60 kwa mwaka, lakini chakula kilichopikwa kina faida nene kidogo. Tuseme anabakiwa na sh 15 katika kila sh 100, hivyo faida yake ni sh milioni 9. Naye analipa sh 2,060,000 ileile, ambayo kwake haifiki hata robo ya faida. Huyu kapendelewa na mfumo, kwani kwa kipimo cha kampuni angelipa sh milioni 2.7.

Hesabu ikifanywa kwa mauzo hayo ya sh milioni 60, mpaka uko kwenye faida ya kati ya sh 11 na sh 12 kwa kila sh 100. Anayepata zaidi ya hapo, kodi ya mauzo ni rafiki yake. Anayepata chini ya hapo anabeba mzigo mzito kuliko kampuni. Wauzaji wa nafaka, sukari, vocha, saruji na vinywaji vya jumla wengi wako chini ya mpaka huo, kwa sababu biashara zao huishi kwa mzunguko wa haraka na faida ndogo kwa kila kipande.

Hasara ya mkubwa na hasara ya mdogo

Tofauti huonekana wazi zaidi mwaka unapokuwa mbaya. Mchele ukishuka bei baada ya shehena kubwa kuingia, mama wa mfano wetu anaweza kuuza sh milioni 60 na asipate hata senti ya faida. Kwa kipimo cha mauzo kodi yake haipungui, na atailipa kutoka kwenye mtaji. Mwaka unaofuata atanunua magunia machache zaidi.

Kampuni ikipata hasara, sheria huiruhusu kuibeba hasara hiyo na kuipunguza kwenye faida ya miaka inayofuata, kwa masharti yaliyowekwa. Hasara ya mwaka huu inageuka kuwa kinga ya kodi ya mwaka kesho.

Mfano unaokumbukwa sana ni wa migodi mikubwa ya dhahabu. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ililenga kuvutia wawekezaji, na mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 3. Sheria za kodi za wakati huo ziliruhusu gharama za uwekezaji wa mgodi kukatwa zote haraka, hivyo kampuni kadhaa zilipita miaka mingi zikionyesha hasara kwenye hesabu za kodi huku dhahabu ikisafirishwa. Malalamiko ya wananchi na wabunge yalisababisha kuundwa kwa Kamati ya Jaji Mark Bomani mwaka 2007. Sheria mpya ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha hadi asilimia 4, na marekebisho ya 2017 yakaufikisha asilimia 6.

Serikali ilichukua hatua pia kwa kampuni nyingine zinazotangaza hasara mfululizo. Mwaka 2008 ilianzishwa kodi ya chini kwa kampuni yenye hasara kwa miaka mitatu mfululizo, kwa kiwango cha asilimia 0.3 ya mauzo. Kiwango hicho kimepandishwa tangu wakati huo.

Linganisha viwango hivyo. Wakati kodi hiyo inaanzishwa, kampuni iliyopata hasara miaka mitatu mfululizo ilitakiwa kulipa sh 3 katika kila sh 1,000 za mauzo. Mfanyabiashara wa makadirio, awe na faida au hasara, hutozwa sh 30 au zaidi kwa kila sh 1,000 zinazozidi ukomo wake, na haulizwi amepata hasara kwa miaka mingapi.

Kwa nini serikali hufanya hivyo?

Si haki kusema kwamba makampuni makubwa hayalipi kodi. TRA iliunda Idara ya Walipakodi Wakubwa mwaka 2001, na kundi hilo dogo ndilo hutoa sehemu kubwa ya mapato ya ndani. Kampuni kubwa pia hukata kodi ya mishahara ya wafanyakazi wake, hukusanya Kodi ya Ongezeko la Thamani na hukaguliwa mara kwa mara.

Sababu ya kumtoza mdogo kwa mauzo ni ya kiutendaji. Faida haionekani kwa macho. Ili kuijua lazima kuwe na vitabu, ankara za manunuzi na mtu wa kuvikagua. Serikali ikimtuma mkaguzi kwenye kila genge, gharama ya ukaguzi itazidi kodi itakayopatikana. Mauzo ni rahisi zaidi kukadiria, na mfanyabiashara naye huepuka gharama ya mhasibu.

Kwa maneno mengine, mfanyabiashara mdogo ameuziwa urahisi, na bei ya urahisi huo ni kutozwa bila gharama zake kuhesabiwa. Mwenye faida nene ameununua kwa bei poa. Mwenye faida nyembamba ameununua ghali, na mara nyingi hajui kwamba amenunua kitu chochote.

Mkulima naye hutozwa kabla ya gharama

Wakulima hawako nje ya hadithi hii. Ushuru wa mazao unaokusanywa na halmashauri hukokotolewa kwa thamani ya mazao ghafi. Mbolea, mbegu, palizi na vibarua havihesabiki.

Hadi mwaka 2017 halmashauri ziliruhusiwa kutoza mpaka asilimia 5. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilishusha kiwango hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Vilevile mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine uliondolewa ushuru.

Uzito wa mabadiliko hayo huonekana kwa mfano mdogo. Mkulima wa mahindi anavuna ekari moja na kuuza kwa sh 600,000. Gharama zake zote ni sh 560,000, hivyo amepata sh 40,000. Ushuru wa asilimia 5 ulikuwa sh 30,000, yaani robo tatu ya alichopata baada ya miezi kadhaa ya jasho. Ushuru wa asilimia 2 ni sh 12,000. Bado ni chini kidogo tu ya theluthi moja ya faida, lakini kuna kitu kimebaki cha kununulia mbegu.

Kisheria ushuru huo hulipwa na mnunuzi. Sokoni mambo ni mengine. Mnunuzi mwenye lori anajua atakachodaiwa kwenye kizuizi, hivyo hukipunguza mapema kwenye bei anayompa mkulima. Mkulima mwenye ghala na akiba anaweza kukataa na kusubiri bei ipande. Mwenye ada ya shule inayomsubiri wiki ijayo hawezi. Ndiyo maana wachumi husema kodi humwangukia asiyeweza kusubiri, hata kama jina lililoandikwa kwenye stakabadhi ni la mwingine.

Ukuta wa Kodi ya Ongezeko la Thamani

Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi huiita VAT, ni eneo jingine ambalo ukubwa huleta nafuu. Ukomo wa mauzo wa kulazimika kujisajili ulipandishwa kutoka sh milioni 40 hadi sh milioni 100 sheria mpya ilipoanza kutumika Julai 2015, kisha hadi sh milioni 200 mwaka 2023. Mdogo akaepushwa na makaratasi ya kila mwezi.

Lakini kutosajiliwa hakumaanishi kutolipa. Fundi seremala asiyesajiliwa akinunua mbao, gundi na vanishi za sh 118,000 katika duka lililosajiliwa na kutoza kodi hiyo kwa asilimia 18, sh 18,000 kati ya hizo ni kodi. Hawezi kuidai popote. Kiwanda cha samani kilichosajiliwa kikinunua vifaa hivyohivyo, kitaipunguza sh 18,000 hiyo kwenye kodi kinayotakiwa kupeleka serikalini.

Hasara ya pili ni ya soko. Hoteli iliyosajiliwa inapotafuta vitanda, hupendelea muuzaji atakayetoa risiti ya kodi hiyo, kwa kuwa itaweza kujirudishia. Fundi wa mtaani anaweza kuwa na kazi safi na bei nzuri, lakini zabuni ikampita. Kwa namna hiyo ukomo uliowekwa kumlinda unageuka kuwa ukuta kati yake na wateja wakubwa.

Mkulima naye hana budi kujua maana ya neno msamaha. Mazao yasiyosindikwa yamesamehewa kodi hii, kwa hiyo mkulima hamtozi mteja wake. Hata hivyo msamaha haumpi haki ya kurudishiwa kodi aliyolipa kwenye vipuri na vifaa vingine vinavyotozwa. Msafirishaji wa mazao nje aliyesajiliwa huuza kwa kiwango cha asilimia sifuri, na kiwango hicho humpa haki ya kudai marejesho. Maneno hayo mawili, msamaha na asilimia sifuri, hufanana masikioni. Mfukoni yanatofautiana sana.

Kupinga makadirio nako kunahitaji mtaji

Mfanyabiashara asiyeridhika na makadirio ana haki ya kupinga. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa siku 30 tangu alipopokea hati ya makadirio kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu. Asiporidhika na uamuzi, anaweza kwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani.

Ili pingamizi lipokewe, sheria inamtaka alipe kwanza kodi asiyoibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kiasi chochote kilicho kikubwa zaidi. Mtu aliyekadiriwa sh milioni 6 na anayeamini anadaiwa sh milioni 1 atatakiwa kutoa sh milioni 2 ndipo asikilizwe. Kampuni yenye idara ya sheria hilo halitikisi mzunguko wake wa fedha. Mwenye duka ambaye mtaji wake wote ni sh milioni 3 atafikiri mara mbili, na wengi huamua kukaa kimya.

Jambo ambalo halijulikani kwa wengi ni kwamba sheria hiyo inampa Kamishna uwezo wa kupunguza au kusamehe malipo hayo ya awali, endapo mlipakodi ataomba kwa maandishi na kutoa sababu za msingi. Mwaka 2019 ilianzishwa pia huduma ya msuluhishi wa malalamiko ya kodi, ambaye hupokea malalamiko kuhusu huduma na taratibu za ukusanyaji.

Wakubwa wana mlango mwingine, yaani meza ya mazungumzo. Mwaka 2017 kampuni ya Acacia ilipelekewa madai ya kodi, adhabu na riba ya takriban dola bilioni 190 za Marekani. Mgogoro huo ulimalizwa kwa makubaliano kati ya Serikali na kampuni ya Barrick, yaliyotangazwa Oktoba 2019 na kusainiwa Januari 2020. Ndani yake kulikuwa na malipo ya dola milioni 300, na kuundwa kwa kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina asilimia 16 ya hisa. Yawe yalikuwa makubaliano mazuri au la, hayo ni mazungumzo ya walio na uzito. Muuza nguo mmoja wa Kariakoo hana uzito huo akiwa peke yake.

Uzito wake huja wanapokuwa wengi. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 mgomo ulirudi na kusambaa hadi miji kama Mwanza, Arusha na Mbeya. Mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi chini ya uenyekiti wa Balozi Ombeni Sefue.

Nafuu zimekuwapo

Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ya kichwa ilifutwa. Mwaka 2018 aliyekuwa Rais, hayati John Magufuli, alitoa vitambulisho vya wajasiriamali 670,000 kwa wakuu wa mikoa, kila kimoja sh 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi sh milioni 4 kwa mwaka. Mwaka huohuo Serikali ilipitisha mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, uliolenga kupunguza tozo na mwingiliano wa taasisi za udhibiti. Mwaka 2022 sheria mpya ya uwekezaji ilishusha mtaji wa chini wa Mtanzania anayetaka cheti cha vivutio kutoka dola 100,000 hadi dola 50,000.

Hizo ni hatua za kupongezwa. Lakini hata dola 50,000 ni ndoto kwa mwenye mashine moja ya kukoboa mpunga. Kati ya kitambulisho cha sh 20,000 na cheti cha vivutio kuna kundi kubwa la watu wanaotaka kukua, na ngazi wanayotakiwa kuipanda ina vidato virefu.

Daftari la sh 2,000

Katika kusubiri sheria ziboreshwe, kuna jambo lililo mikononi mwa mfanyabiashara mwenyewe. Viwango vya 2019 viliweka bei mbili kwa mauzo yaleyale, moja kwa mwenye kumbukumbu na nyingine kwa asiye nazo.

Mwenye mauzo ya sh milioni 4.5 asiye na kumbukumbu hutozwa sh 100,000. Mwenye kumbukumbu hutozwa asilimia 3 ya kinachozidi sh milioni 4, yaani sh 15,000 tu.

Mwenye mauzo ya sh milioni 7.2 asiye na kumbukumbu hutozwa sh 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa sh 90,000 na asilimia 3 ya sh 200,000, jumla sh 96,000. Tofauti ni sh 154,000 kwa mwaka, na daftari zuri la kurasa nyingi halizidi shilingi elfu chache.

Faida kubwa zaidi iko mbele. Sheria inamruhusu mtu binafsi kuchagua kutoka kwenye mfumo wa makadirio na kutozwa kwa hesabu za faida kama walipakodi wengine. Tangu Julai 2020, mapato ya mtu binafsi yasiyozidi sh 270,000 kwa mwezi, sawa na sh 3,240,000 kwa mwaka, hayatozwi kodi ya mapato.

Turudi kwa mama wa mchele. Faida yake ni sh milioni 2.4, ambayo iko chini ya kiwango hicho. Kama angekuwa na hesabu kamili zinazothibitisha faida hiyo, na hana kipato kingine, kodi yake ya mapato isingekuwa sh 2,060,000. Isingekuwepo kabisa.

Hesabu hizo si za kubuni usiku mmoja. Zinahitaji stakabadhi za manunuzi, za usafiri na za pango, mauzo ya kila siku yaliyoandikwa, na mara nyingi msaada wa mhasibu ambaye naye anahitaji kulipwa. Kwa mwenye faida nyembamba gharama hiyo inaweza kurudi mara kadhaa. Kwa mwenye mgahawa wa mfano wetu huenda isiwe na maana, na ni heri abaki kwenye makadirio. Kila mmoja apige hesabu yake kabla ya kuamua, na aulize viwango vya mwaka husika, kwa sababu sheria ya fedha hubadilika kila Julai.

Tahadhari nyingine ni kwa vikundi vinavyokimbilia kusajili kampuni. Mfumo wa makadirio ni wa watu binafsi tu. Kikundi kikishakuwa kampuni, hata kama mtaji wake ni mdogo, kinatakiwa kutengeneza hesabu na kuwasilisha ritani kama kampuni nyingine. Kampuni ina faida zake, ikiwamo kutenganisha deni la biashara na nyumba ya mwenye hisa. Anayesajili jina la biashara tu hana kinga hiyo.

Kwa upande wa watunga sera, hesabu zinaonyesha pa kuanzia. Kiwango kimoja cha mauzo kwa muuza nafaka na mwenye mgahawa hakiwezi kuwa cha haki kwa wote wawili. Viwango vikipangwa kwa aina ya biashara, wenye faida nyembamba watapumua bila serikali kupoteza kwa wenye faida nene. Masharti ya theluthi moja kabla ya pingamizi nayo yanaweza kulegezwa kwa madai madogo bila hazina kutikisika.

Hadi hapo patakapofika, swali la dirishani litaendelea kuulizwa kila Machi: mauzo yako ni kiasi gani? Mwenye karatasi atajibu kwa karatasi, na ataweza kuongeza jibu la swali ambalo hakuulizwa, la faida aliyopata. Asiye na karatasi atajibiwa na ofisa. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sehemu ya mali hiyo hupotea kwa njia halali kabisa, ikiwa na stakabadhi ya serikali juu yake.